Kaimu Apanda Mlima Kupumzika

Nimefanya kazi na watu wavivu, nimefanya kazi na watu wachovu, lakini mtu aliyechoshwa na kupumzika nimemwona mmoja tu katika maisha yangu: Innocent, Kaimu Meneja wa Mauzo wa kampuni yetu ya vigae pale Dar es Salaam.

Na ukaimu wenyewe si wa juzi. Innocent amekaimu mpaka neno limegeuka jina. Mlinzi wa getini anamwita Kaimu. Mama ntilie anamwita Kaimu. Yeye mwenyewe akipokea simu husema, "Kaimu hapa!" kwa sauti nzito, utadhani anatangaza matokeo ya uchaguzi.

Mwaka huu bosi wetu, Mzee Hatibu, akaona aibu sasa inatosha, amthibitishe. Sharti moja tu: apimwe afya. Innocent akaenda kwa daktari wa kampuni kifua mbele, akarudi kifua kimeingia ndani. Presha! Tena si ile presha ya kuambiwa punguza chumvi. Daktari alipima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akabadilisha mashine, halafu akamuuliza kama amekuja na ndugu.

"Akapumzike," daktari akamwambia Mzee Hatibu. "Mahali pasipo na kelele. Jumatatu nampima tena."

Mzee Hatibu si mtu wa maneno mengi. "Kaimu, presha ikishuka, kiti chako. Isiposhuka, nampa Geofrey."

Geofrey! Kijana ambaye Innocent mwenyewe alimfundisha kuwasha kompyuta! Nadhani presha ilipanda tena palepale.

Jioni hiyo Innocent akaingia mtandaoni, akapata dawa yake: nyumba ya mbao juu kabisa ya Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, inaitwa Kebini ya Ukimya. Kesho yake akatutangazia ofisini akiwa amesimama juu ya kiti.

"Ninyi bakini na honi zenu. Mimi naenda kebini. Na si nyumba, jamani, ni kebini. Nyumba ina majirani!"

Akafungasha. Vizibo vya masikio, kitambaa cheusi cha kufunika macho, ndala za manyoya, na kipimo cha presha cha kuvaa mkononi. Ukimtazama ungesema anakwenda kuzindua hospitali.

Lakini kulikuwa na doa moja. Mama yake Innocent, Mama Kristina, ni Mluguru wa Matombo, upande wa pili wa milima hiyohiyo. Na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, ukoo ambao wenyewe wanauita lukolo. Maana yake, milima yote ile imejaa wajomba wa Innocent asiowajua, na mwenyewe alikuwa hana hamu ya kuwajua. Wajomba wana vikao. Wajomba wana michango. Wajomba wana binamu wanaotafuta kazi Dar.

Basi akajipanga. Akamdanganya mama yake kwamba anakwenda semina Dodoma. Simu akaizima. Na kabila, akiulizwa, atataja la mbali kabisa, la watu wasio na ndugu hata mmoja katika milima ile. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za Innocent zilikuwa zimeanza kupungua.

*

Alipokelewa na Chausiku, mama anayetunza kebini, mwanamke mchangamfu mwenye sauti ya kuitia watu wa bonde la pili. Ukungu ulikuwa umelala juu ya matuta ya kabichi, baridi ya kung'ata masikio, na kimya kimetanda. Innocent akavuta pumzi. Alisikia presha inashuka ngazi kwa ngazi.

Hakijaisha hata kikombe cha chai, akaja Mzee Raphael, mwenyekiti wa kitongoji, kumsalimu mgeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu Mgeta. Huko utokako hawajambo?"

"Hawajambo."

"Safari?"

"Nzuri."

"Na mama?"

"Mzima," akajibu Innocent haraka, akiogopa asije akaulizwa kwao mama ni wapi.

"Na wewe mwenyewe, mwanangu, ni mwenyeji wa wapi?"

Innocent akajikohoza. "Mimi? Mimi Mnyamwezi. Tabora. Mbali sana!"

Mzee Raphael akamtazama Chausiku. Chausiku akashika mdomo. Kisha mzee akatupa kofia yake juu.

"Mnyamwezi!"

"Mnyamwezi!" Chausiku naye akapokea, na bonde la pili likasikia.

"Mtani wangu! Kajileta kwa miguu yake!"

Hapa wewe msomaji umeshajishika kichwa. Kila aliyelelewa na bibi yake anajua kwamba Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Innocent alilelewa na televisheni. Alikimbia wajomba akaangukia watani, na ndugu ni afadhali mara mia! Ndugu ukimchoka unamnunia. Mtani humnunii. Mtani anakutukana, unacheka. Anachukua kitu chako, unamshukuru. Ukikasirika, aibu ni yako na ya kabila lako zima.

"Babu zako," Mzee Raphael alisema huku anavua viatu vyake vya matope, "walipita hapa na mizigo ya watu vichwani, wakala ndizi zetu zote, wakaondoka bila kuaga. Nachukua fidia!"

Akavaa zile ndala za manyoya, akaondoka nazo shambani.

*

Asubuhi Innocent aliamshwa na mlango kugongwa kwa mpini wa jembe.

"We Mnyamwezi! Kwenu hakuna vitanda mpaka uje ulale kwetu?"

Walikuwa akina mama wanaokwenda kupalilia karoti. Wakaingia. Wakala mayai yake. Mmoja akaonja ile chai yake ya majani ya kuleta usingizi, akaitema dirishani, akasema sasa ameelewa kwa nini Wanyamwezi walikuwa wanakimbia kwao.

Vizibo vya masikio Chausiku alivipima kwenye chupa yake ya mafuta ya kula, vikaenea, ndiyo ikawa kwaheri. Kitambaa cha macho kilionekana mchana kwa beberu wa Mzee Raphael. Beberu amefunikwa macho, amejilaza katikati ya njia, amepumzika kama waziri mstaafu.

Innocent akacheka. Ilibidi acheke! Meno nje, moyo unachemka. Kisha akajifungia chumbani, akavaa kipimo chake. Kipimo kikapiga kelele: pii, pii, pii!

Kosa lingine hilo. Watani waliposikia kitu kinalia ndani ya kebini, wakaja kuona. Wakakuta kinapima presha. Nani asiyependa kupimwa bure? Kufikia adhuhuri foleni ilikuwa imezunguka kebini mara mbili, watu wamekuja na viti vyao. Bibi mmoja alipanda mlima na tenga la kabichi kichwani, akapimwa bila hata kulitua, na presha yake ilikuwa ya kupigiwa mfano. Katika kitongoji kizima mgonjwa alikuwa mmoja tu, naye ndiye mwenye kipimo.

"Pole, mtani," bibi alimwambia. "Jaribu kubeba kabichi."

Siku zilizofuata zikawa hivyohivyo, na usingizi haukupatikana. Akilala mchana, anafukiwa kwa majani ya migomba. Akiketi barazani kutazama ukungu, watu kumi wanaketi naye kumuuliza anatazama nini. Kwao mtu anayekaa peke yake, mlango kafunga, hana neno na mtu, ni mgonjwa au ana jambo, na hawezi kuachwa. Walimpenda kwa moyo wao wote, na walikuwa wanammaliza.

Jumamosi asubuhi akaamka mwenyewe. Hakuna mpini wa jembe. Hakuna kicheko. Akasikiliza. Kimya! Akaanguka tena kitandani, machozi ya furaha yakimtoka. Hatimaye wamemchoka.

Mlango ukabishwa taratibu. Mzee Raphael, kofia mkononi, ndala za manyoya miguuni.

"Mtani, kazi imekuja."

"Kazi gani, mzee wangu?"

"Mzee Benedikto katutoka tangu juzi. Tunazika leo. Watani wetu Wanyamwezi wako mjini, barabara imekatika kwa mvua, magari madogo hayapiti. Mnyamwezi aliyeko mlimani ni wewe peke yako."

"Mimi nifanye nini?"

Mzee Raphael akamkazia macho. "Mnyamwezi gani huyo hajui kazi ya mtani msibani?"

Innocent akaona hapa ndipo anapoumbuka. "Najua sana!" akasema. "Nilikuwa nauliza kama nianze na ipi."

*

Kazi ya mtani msibani ni kuvuruga. Watu wanalia, yeye anachekesha. Anamsengenya marehemu mbele ya jeneza, anaiga alivyotembea, anadai vitu, na kaburi likishachimbwa anaingia humo na kulala, hatoki mpaka apewe chake. Ni kazi ya heshima, na inataka kipaji.

Innocent alisukumwa mbele ya watu wa mlima mzima. Akatazama jeneza. Hakuwahi kumwona marehemu hata kwenye picha.

"Marehemu," akaanza, "alikuwa... alikuwa mtu..."

"Mtu gani?" watu wakaitikia.

"Mtu wa... wa hapahapa!"

Hakuna aliyecheka. Katekista akaangalia saa. Mjane wa marehemu alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho makavu. Chausiku alisema tangu mumewe afariki bibi huyo hakuwa amelia wala kusema neno, amekaa tu, na wanawe walikuwa wanamhofia.

"Ingia kaburini!" Mzee Raphael akamnong'oneza. "Ingia kabla hujatuharibia msiba!"

Innocent akaingia. Alishushwa kwa mikono miwili kama gunia la viazi. Akajilaza chali.

Na huko chini, jamani, ndiko ukimya ulikokuwa! Upepo haufiki. Udongo laini wa Mgeta, wa ubaridi wa kupendeza, unaonukia mvua. Sauti za watu zinasikika kwa mbali. Hakuna kugonga, hakuna beberu, hakuna foleni. Juu kipande kidogo cha ukungu kinapita polepole. Innocent alinuia kufumba macho kidogo tu, kwa ajili ya mchezo.

"Mtani!" watu wakaita. "Toka tuzike!"

Kimya.

"Anataka chake! Leteni jogoo!"

Jogoo akaletwa, akaning'inizwa mdomoni mwa kaburi, akawika. Kimya.

"Jogoo mmoja hamtoshi! Ongezeni mkungu wa ndizi!"

Mkungu ukaja. Kimya. Likaja debe la njegere. Akaja jogoo wa pili. Watu wakaanza kusogea mbele kwa hamu. Watani wa mjini hulegea kwa jogoo wa kwanza, lakini huyu ni chuma!

Ndipo ukatoka mkoromo. Ulianza chini, ukapanda, ukakata kona, ukamalizikia na filimbi.

"Mwe! Hata kukoroma anaigiza!" Chausiku akapiga makofi. "Sikilizeni! Ni Mzee Benedikto mwenyewe!"

Kumbe marehemu alisifika mlima mzima kwa mkoromo wa filimbi. Watu wakavunjika mbavu. Na mjane, pale mkekani, akainua uso. Akasikiliza ile filimbi mara ya kwanza, mara ya pili. Akacheka. Alicheka kicheko kikubwa cha msichana, na katikati ya kicheko machozi yakapata njia, akalia kwa sauti, na wanawe wakamkumbatia, na kila mtu pale akashusha pumzi. Mimi nikikumbuka sehemu hiyo hata kumcheka Innocent nashindwa kidogo.

"Huyu ndiye mtani!" Mzee Raphael alisema akijifuta macho. "Mungu ambariki Mnyamwezi huyu!"

Wakati huohuo likafika lori. Malori ndiyo pekee yaliyokuwa yanapita ile barabara, yakipanda matupu kufuata kabichi. Akashuka mama mmoja wa makamo, kanga mbili, mkoba kwapani, amekunjamana kwa safari.

"Ndiyo nimefika, jamani. Poleni. Nimempigia mwanangu anilete na gari lake, simu haipatikani, yuko semina Dodoma. Mnazika saa ngapi?"

"Tunamngoja mtani atoke kaburini, Mama Kristina," Chausiku akamjibu. "Mnyamwezi, bingwa! Njoo umwone."

Mama Kristina akasogea, akainama, akachungulia. Akavaa miwani. Akachungulia tena.

"INNOCENT!"

Ipo sauti moja tu duniani inayomwamsha mtu popote alipo. Kaburini, Innocent akajigeuza ubavu.

"Mama, dakika tano tu," akasema, macho yamefumba.

Watu wakasogea ukingoni mwa kaburi.

"Mama?" Mzee Raphael akauliza. "Kamwita nani mama?"

"Kaniita mimi!" Mama Kristina aling'aka. "Nimemzaa mwenyewe Matombo. Mnyamwezi wa wapi huyu? Huyu mtoto wa lukolo letu! Na huyo mnayetaka kumzika ni mjomba wake!"

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Cha Innocent kilimfichua akiwa amelala ndani yake.

Mpwa kalala kaburini mwa mjomba wake! Mpwa anaombewa jogoo kwenye msiba wa kwao! Akatolewa bila jogoo, bila ndizi, udongo mpaka kwenye nyusi. Wazee wa ukoo wakajitenga kidogo chini ya mteremko, na Innocent akaanza kujitetea mbele ya mama yake.

"Mama, mimi ni mgonjwa. Nina presha. Daktari kasema nipumzike!"

"Presha gani? Unakimbia kusalimia watu, ndiyo presha hiyo!"

Wazee wakarudi na hukumu. Kabla ya yote azike, ashike koleo kama mpwa. Halafu, kwa kuwa ukoo haujawahi kumwona, atakaa mlangoni mwa nyumba ya msiba kupokea wanaokuja kuhani na kutoa pole, mmoja baada ya mwingine, mpaka Jumapili jioni.

Na anayepokea wanaohani ana kazi moja kubwa. Kila anayefika hukaa, hupewa maji, kisha huuliza, "Ehe, aliugua nini?" Basi lazima asimuliwe upya, tangu marehemu alipoanza kusikia baridi mgongoni, akapelekwa zahanati, akapata nafuu, akaomba uji, uji akauacha, mpaka mwisho. Huwezi kusema "muulize huyo aliyetangulia." Ni matusi.

Wakaja kutoka kila mteremko. Shikamoo, marahaba, aliugua nini. Shikamoo, marahaba, aliugua nini. Innocent, mtu wa Kebini ya Ukimya, alisimulia ugonjwa wa mjomba asiyemjua mpaka akaanza kuusikia mgongoni mwake mwenyewe. Wazee wakamsahihisha, bibi wakamshika mashavu wakisema kachukua pua ya marehemu, binamu wakampa chakula kwa mikono yao. Giza la Jumamosi lilipoingia alitupwa mkekani katikati ya wajomba wanaokoroma, naye akalala fofofo. Hakuota hata ndoto.

*

Jumatatu asubuhi tulikuwa wote ofisini, Geofrey kavaa tai mpya. Innocent akaingia akinuka kabichi. Alikuwa ametelemka na lori usiku kucha, amekaa juu ya mzigo, na mama yake nyuma na kapu la matunda damu, yale mekundu ya milimani, ya kutuletea sisi tunaofanya kazi na mwanawe.

Daktari akapima mkono wa kulia. Akapima wa kushoto. Akabadilisha mashine.

"Hii presha ni ya mtoto wa shule!" akasema. "Kaimu, umefanya nini?"

Mzee Hatibu akasimama, akampa mkono mbele yetu sote. "Si Kaimu tena. Meneja!"

Makofi! Geofrey akalegeza tai. Innocent akatanua kifua, kikarudi pale pale kilipokuwa siku zote, akapanda juu ya kiti. Nikamjua: sasa tutasikia habari za kebini mpaka Pasaka, jinsi alivyokaa peke yake, hakuna jirani, ukimya wa kitajiri.

"Hebu tuambie siri, Meneja," bosi akasema. "Huko kwenye kebini ulipumzikaje?"

Innocent akafungua mdomo. Ikatoka sauti ya bawaba ya mlango. Akajikohoza, akajaribu tena. Haikutoka hata hiyo bawaba. Sauti yote ilikuwa imebaki Mgeta, imeishia kwenye ule uji wa marehemu. Akaanza kuonyesha kwa mikono: milima, kitanda, utulivu. Kisha akamwona mama yake anatua kapu, akageukia kuonyesha kwa mikono kwamba hapana, mama, hapana, tafadhali.

"Mwacheni apumzike, wanangu," Mama Kristina alisema. "Nitawasimulia mimi."

Akavuta kiti, akakunja kanga vizuri magotini, akaanzia kaburini.